Fundi wa Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa leo asubuhi na mpwa wangu, binti wa dada yangu, mbele ya watu. Kasema kila mwanafunzi aandike kila siku amepima nini, ameiambia kompyuta nini, na amekosea wapi. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo sehemu ya tatu utanisamehe, itabaki nyeupe." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mtoto nimembeba mgongoni, nimemfuta makamasi, leo yeye ni Mwalimu na mimi nimekaa kwenye benchi na penseli.

Kwa atakayelisoma daftari hili baada yangu: mimi ni fundi wa chuma, mwaka wa ishirini na saba karakana hii hii. Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ila walimu waliishiwa la kufundisha. Jicho langu ni rula. Simama ng'ambo ya barabara nikuambie kola ya shati lako ni inchi ngapi. Na lile bonge la chuma linalozuia mlango wa karakana usipigwe na upepo, nililileta mimi kutoka stesheni, begani, peke yangu, mvua inanyesha. Kilo themanini. Mtunza Stoo alikuwepo, muulizeni.

Sasa habari yenyewe. Bosi ameleta mashine mpya ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Mashine yangu ya zamani, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, itauzwa mvua zikiisha. Kiti cha hii mpya ni kimoja na tunakigombea wawili, mimi na Kimya. Kimya ni mchomeleaji. Wamempa jina hilo kwa sababu akisema "ndiyo" asubuhi, basi hotuba ya siku imekwisha. Yeye akikosa anarudi kwenye moto wake. Mimi nikikosa, Bosi ameshasema, nakwenda stoo kugawa glovu. Mimi! Nigawe glovu kama nagawa peremende kwenye maulidi ya watoto!

Mtihani ni Mei. Sina wasiwasi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Chumba cha darasa kinavuja, tumeweka ndoo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo somo lilikuwa bonge. Nilidhani nitafundisha mimi.

Kumbe ni hivi. Unachora kwenye kompyuta kile kitu unachotaka, tuseme kishikio cha beringi, ile pete ambamo ekseli huzunguka. Halafu lazima uiambie: kitu hiki kimejificha ndani ya bonge, bonge lenyewe lina urefu huu, upana huu, kimo hiki, na limekaa hapa. Usipoiambia haijui kama kuna bonge. Na vipimo vyote vinaanzia mahali pamoja panapoitwa sifuri. Sisi sifuri yetu tumeiweka chini, pale bonge linapokalia ndani ya jiliwa, yaani zile taya za chuma zinazolibana lisitikisike.

Nikauliza, "Sasa mashine yote hiyo, taa zote hizo, haioni bonge liko mbele yake?"

"Haina macho, Mjomba. Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu hana, ndiyo maana anaambiwa. Na anaamini utakachomwambia."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Miaka hamsini na mbili natafuta msikilizaji wa namna hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Ndoo mbili.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimekaa mbele ya skrini mara ya kwanza. Bonge la alumini liko kwenye jiliwa. Mwalimu kanipa kalipa, kile chombo cha taya mbili cha kupimia. Nikakiweka mfukoni, nikaliangalia bonge mara moja, nikaandika: urefu 120, upana 80, kimo 60. Ukweli wake, tulivyokuja kupima baadaye, lilikuwa 100 kwa 60 kwa 47. Nilizidisha kidogo, kwa heshima ya bonge.

Mwalimu aliona namba zile. Akaniambia tu, "Bonyeza, Mjomba."

Nikabonyeza. Kisu kikaanza kuzunguka, kikashuka, kikaenda kulia, kikaenda kushoto, kwa madaha, kinapiga kona, kinarudi. Hakijagusa kitu. Kinachonga hewa. Mashine imeamini kuna chuma pale juu na pale pembeni, basi inakiondoa, tabaka kwa tabaka, bila kulalamika. Mtunza Stoo akaleta kiti akakaa. Baada ya dakika ishirini akaniuliza, "Sasa fundi, hivyo vipande vya hewa unavyokata, nivipange rafu ya ngapi?"

Karakana nzima ikalala chini kwa kicheko. Dakika thelathini na tano kabla kisu hakijagusa alumini. Sasa naitwa Fundi wa Hewa. Hata mlinzi wa getini, ambaye kompyuta hajaiona, jioni ameniaga, "Kesho, Fundi wa Hewa."

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari, sijui zinapita njia gani. "Mume wangu," kasema, "miaka yote nakuambia unaongea hewa. Sasa mmeipata mashine ya kuikata."

Jumatano, 12 Machi

Kimya naye kakaa kwenye skrini. Kapima bonge lake mara tatu kwa kalipa, kaandika, kapima tena. Nusu saa mtu anapima kitu unachokiona kwa macho! Kisu kilipoanza tu, kikagusa chuma. Woga mtupu, huyo si fundi, ni karani.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimerudisha heshima. Mwalimu aliomba mtu akate mabonge kumi na mawili ya mtihani kutoka kwenye mti mrefu wa chuma, kila moja kimo cha 47. Nikasema nipisheni. Mtunza Stoo akaniletea chaki ya kuchora mistari, nikamrudishia. "Jicho hili," nikamwambia, "ndilo lililopima kilo mia na ishirini za lile bonge la mlangoni kabla sijalibeba."

"Si ulisema themanini?"

"Themanini ni siku ya jua. Siku ile lilikuwa limelowa."

Nikayakata yote kwa jicho, bila mstari hata mmoja, msumeno unaimba. Kumi na mawili, kama mapacha. Mwalimu hakuwepo, alikuwa ofisini kwa Bosi. Mtunza Stoo akayafungia kwenye kisanduku mpaka siku ya mtihani.

Jumatano, 19 Machi

Nimeandika urefu kwenye upana. Hakuna kilichoumia. Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Sikutaka kuandika ya leo, lakini Mwalimu amesema ndiyo siku ya kuandika.

Tangu yale ya hewa nilikuwa nimechoka kuchekwa kwa kuzidisha. Nikajisemea leo nitakuwa mnyenyekevu. Bonge lilikuwa na namba ya chaki ubavuni, kimo 45, kaandika Mtunza Stoo zamani. Kwa jicho langu lilikuwa refu kuliko hapo. Lakini nikaona, afadhali nipunguze, nisionekane mwenye makuu. Nikaandika 45. Lilikuwa 49.

Kisu kikaja juu ya bonge kwa mwendo wake wa haraka, ule wa kupita hewani, kwa sababu nilikiambia pale ni hewa. Sauti ile sijawahi kuisikia, na mimi nimesikia sauti. Kama mtu kavunja mfupa wa ng'ombe kwenye bati. Kisu kikakatika, kipande kikaruka kikapiga kioo cha kinga usawa wa uso wangu, kikaacha ufa. Mpwa wangu alikuwa ameshapiga kitufe chekundu. Mimi nilikuwa nimeganda, mkono hewani.

Mashine ikanyamaza. Ikabaki mvua kwenye bati.

"Mjomba," kasema, na sauti si ya mwalimu tena, ilikuwa ya yule mtoto, "ukizidisha unatupotezea muda. Ukipunguza unaua mtu. Mimi sitaki kwenda kumwambia mama kwamba…" Akaficha mikono nyuma.

Nikataka kusema utani. Haukuja. Mara ya kwanza tangu nijue kusema.

Jumanne, 25 Machi

Mtunza Stoo kaniita pembeni wakati wa chai. "Unajua Bosi alitaka uende stoo tangu Januari? Alisema mzee huyu ni maneno tu. Huyo binti ndiye aliyesimama kukutetea. Alisema, 'Mjomba wangu ataweza, na asipoweza, kosa ni langu.'"

"Mbona hujaniambia?"

"Ungeifanya hadithi."

Nimekaa na kikombe mpaka chai ikapoa. Kumbe kiti ninachokigombea si changu peke yangu.

Jumatano, 26 Machi

Nimeitoa kalipa mfukoni.

Jumatano, 2 Aprili

Bonge lina kona nne, na kona nne zina vimo vinne. Hili sikulijua, na chuma nimekishika tangu ndevu hazijaota. Kwenye mashine ya mkono ilikuwa haidhuru. Unasogeza kisu polepole, unasikiliza, mkono wenyewe unajua. Hii hainisikilizi nikisikiliza. Inataka neno moja, tena la kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Ndoo nne. Mwalimu kasema tukipige chumba picha, tukitangaze kama bwawa la kuogelea.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekaa karibu na Kimya nimtazame anavyopima. Anapangusa bonge kwa kitambaa. Anapangusa na taya za kalipa. Anapima kona zote, anachukua kile kimo kikubwa kabisa, ndicho anachoandika. Nikamuuliza kwa nini kikubwa. Akafikiri muda wa kutosha kuchemsha maharage.

"Kisu kisikutane na kitu kisichokijua," kasema.

Maneno matano! Nimefanya kazi naye miaka tisa na leo ndiyo nimemsikia. Nilimwita karani huyu. Nyani haoni kundule.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefanya kazi tatu leo, zote safi. Kisu kimegusa chuma pale pale nilipokiambia. Mpwa wangu kapita nyuma yangu, kaangalia namba, kaenda zake. Halafu nikamsikia anaimba kidogo huko mbele. Nikaenda nyumbani natembea kama nimekunywa.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilikuwa napiga mswaki nikayakumbuka yale mabonge kumi na mawili niliyoyakata kwa jicho.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda stoo. "Ndugu yangu, nifungulie kile kisanduku mara moja, niwaone tu wale mapacha wangu."

"Mwalimu kasema hakifunguliwi mpaka mtihani."

"Mimi ndiye niliyewazaa!"

"Ndiyo maana."

Nikamkumbusha jinsi nilivyobeba lile bonge la kilo mia na hamsini huku yeye anatazama. Akaniangalia tu. Hakuniuliza mbona limeongezeka.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zinapungua. Mnunuzi wa mashine yangu ya zamani kaja kuiangalia. Kalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Nikatoka nje.

Jumanne, 6 Mei

Mke wangu kaniuliza mbona siku hizi mezani sina hadithi. Nikamwambia napima. "Unapima nini?" Nikamwambia hii meza yetu, upande mmoja uko chini kwa milimita sita. Akaweka glasi, maji yakaegemea upande ule. Kacheka mpaka kashika ubavu. "Miaka kumi na minane nakuambia hii meza inapinda!"

Alhamisi, 15 Mei

Kesho.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika yote, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

Mvua ilirudi asubuhi kama imesahau kitu. Bosi alikuja saa tatu na buti zake za mpira, akakaa kwenye kiti cha Mtunza Stoo. Mchoro ni mmoja kwa wote: kishikio cha beringi ya pampu, kimo 45, kona moja imeshushwa mpaka 30 ili bolti ipate pa kukaa. Kisanduku kikafunguliwa. Kila mtu achukue bonge bila kuchagua.

Kimya alianza. Kapima, kaandika, kabonyeza. Kazi yake ilitoka inang'aa kama sahani ya harusi. Bosi akaigeuzageuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Zamu yangu. Nikatia mkono kisandukuni nikatoa langu. Nikalipangusa. Upande wa chini ulikuwa umenyooka kama meza ya watu wengine. Nikapima juu. Kona ya kwanza 47.2. Nikashusha pumzi. Ya pili 46.3. Ya tatu 45.5. Ya nne nikapima mara mbili, nikapangusa tena, nikapima mara ya tatu: 44.6.

Kazi inataka 45. Bonge lina 44.6. Huwezi kutoa kwenye chuma kitu ambacho hakimo.

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu daftari hili sasa limeshanizoea. Nilifikiri: andika 47, bonyeza. Mashine itaamini. Ile kona nikiielekeza upande wa ukutani, Bosi haoni mpaka kishikio kifungwe kwenye pampu ya watu. Nikawaza na jingine: nikisema bonge ni bovu, watasema mzee anatafuta kisingizio. Kisha nikawaza ule ufa kwenye kioo, ambao bado upo, na uko usawa wa macho yangu kila ninaposimama pale.

"Bosi," nikasema, "sijaanza. Kona hii ni fupi."

"Mwenzako bonge lake limemtosha."

"La mwenzangu limetosha. Hili limekatwa limeinama. Njoo upime."

Mpwa wangu akaja, akapima. Midomo yake ilibana. "Kweli, 44.6."

Bosi akasimama. "Nani kakata upuuzi huu?"

Mtunza Stoo akaangalia bati la juu kana kwamba limeandikwa jibu. Wengine wakaangalia viatu. Mvua ikapiga. Kwa maisha yangu yote, swali likiulizwa na watu wamejaa, jibu langu hutoka na mabawa. Hili lilitoka kwa miguu.

"Mimi. Nilikata kwa jicho. Niliambiwa nichore mistari, nikakataa."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilinishangaza, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kusema humu ndani.

Bosi akasema polepole, "Kwa hiyo umejifelisha mwenyewe."

"Kwa jicho, ndiyo." Halafu nikaangalia mchoro. Na hapa sijisifu, napima: jicho langu halijui milimita, lakini linajua umbo. Ile kona ya mchoro iliyoshushwa mpaka 30. Kona fupi ya bonge. Nikaona moja inamwita mwenzake. "Ila bonge hili halijafa. Nikiligeuza nusu mzunguko, kona fupi inaangukia pale panapoondolewa. Zilizobaki, ya chini kabisa ni 45.5. Inatosha, kwa nywele."

Nikamtazama mpwa wangu. Hakunisaidia kwa neno wala kwa nyusi. Lakini mikono haikuwa nyuma.

Nikaligeuza bonge, nikabana jiliwa, nikaandika kimo kile kikubwa, 47.2, kisu kisikutane na kitu kisichokijua. Kabla ya kubonyeza nikawaambia, "Kwenye kona ile mtaona kinapita bila kugusa. Msiniletee kiti. Leo nakata hewa kwa makusudi."

Ndipo wakacheka, na mimi nikacheka, na nikabonyeza.

Kisu kiligusa pale nilipokiambia. Kikapita juu ya kona fupi, hewa tupu, kikarudi kwenye chuma, kikapita tena. Tabaka kwa tabaka ile kona ikashuka na aibu yangu ikaenda nayo kwenye vumbi. Kazi ilitoka. Mwalimu kaipima mbele ya wote: 45, kona zote zinazotakiwa.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiandika vingine. Ningependa kuandika kwamba Bosi alisema mimi ndiye. Hakusema. Alizishika kazi mbili, moja kila mkono, akasema, "Zote nzuri. Lakini mtu wa kupima kabla ya kukata ndiye ninayemtaka, na huyo alikuwa anapima tangu Machi." Akamgeukia Kimya. Kidole kilikuwa kimeshanyooka.

"Mimi sitaki," Kimya akasema.

"Hutaki nini?"

"Mashine. Napenda kuchomelea."

"Sasa miezi yote hii ulikuwa unafanya nini?"

"Mliniambia nije darasani. Kama nataka, hamkuniuliza."

Bosi akakaa chini. Kimya akafikiri, tukamsubiri, akaongeza bila kuulizwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea: "Mpe huyu. Mimi ningelitupa lile bonge. Yeye amelifanya kazi."

Bosi akanigeukia. "Mabonge kumi yaliyobaki kisandukuni utayapima yote, kila kona, leo hii. Jumatatu unaanza."

Nimepima kumi. Manne yameinama. Nimeyaandika kwa chaki, namba zake za kweli, kila moja.

Wakati wa kufunga, mpwa wangu alikuwa anamwaga ndoo. Nikamwambia, "Nimesikia ulichomwambia Bosi Januari."

"Mtunza Stoo hawezi kufunga mdomo."

"Mbona uliniamini, na wewe unanijua?"

"Mjomba, hadithi zako zote naondoa nusu. Kinachobaki bado ni kikubwa."

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya kwanza kwenye kiti. Jua. Mlango wa karakana uko wazi na lile bonge limekaa pale pale limeuzuia.

Nilipomaliza kazi ya asubuhi nikachukua kalipa kubwa, nikapiga goti mlangoni. Mtunza Stoo akaja akasimama juu yangu. Sentimita 20, kwa 20, kwa 14. Mpwa wangu alishanifundisha kwamba chuma, kila kipande cha sentimita moja kila upande, kina gramu nane kasoro kidogo. Nikazidisha kwenye ukurasa huu huu, pembeni, unaona namba zilivyofutwa, mara mbili nilikosea, na zote mbili ni kwa kuzidisha.

Kilo arobaini na nne.

Nikamsomea Mtunza Stoo. Akachuchumaa pembeni yangu. "Na tulikuwa wawili," kasema taratibu, kama mtu anayemvua mwenzake koti.

"Tulikuwa wawili," nikasema.

"Na toroli."

Basi naandika hapa, isije kusemwa nilificha: kilo arobaini na nne, watu wawili, na toroli. Lakini mvua ilikuwa inanyesha. Hilo muulizeni yeyote.